Moshi Hauna Risiti

Ukiingia darasa la uhasibu mwaka wa kwanza, jambo la mapema kabisa utakalofundishwa ni kwamba kila debiti ina krediti yake. Ni kanuni ya kale. Luca Pacioli aliichapisha Venice mwaka 1494, na mpaka leo ndiyo tunayoikeshea usiku wa mtihani. Pande mbili zikilingana unapumua: hesabu imekubali.

Kuna somo lingine linalopita kimyakimya hapo hapo, halimo kwenye silabasi: kisicho na risiti hakipo. Hilo, kwangu, ni somo la maadili, hata kama hakuna mhadhiri anayeliita hivyo.

Chukua Owino Uhuru, kule Mombasa. Kuanzia 2007, kiwanda kilichopakana na mtaa huo kiliyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi. Sumu ikafika mtaani, watoto wakapatikana na risasi kwenye damu. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa pale, na mojawapo ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kushughulikia ripoti ya athari kwa mazingira. Mtoto wake mwenyewe akaugua. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Miongoni mwa waliobebeshwa mzigo ni NEMA, yaani mimi na wewe tunaolipa ushuru.

Sasa hebu tufunge hesabu za kiwanda cha aina hiyo, mwaka wowote kabla ya kesi. Betri kuukuu: manunuzi. Umeme na mishahara: gharama. Risasi iliyouzwa: mapato. Toa hiki kwa kile, faida ndiyo hiyo. Na moshi je, utauweka wapi? Kiwango cha IAS 37 kinakutaka utenge pesa za deni la baadaye iwapo wajibu tayari upo, kuna uwezekano mkubwa wa kulipa, na kiasi chaweza kukadiriwa. Kabla wakazi hawajapata wakili, mhasibu anaweza kusema bila wasiwasi kwamba deni hakuna. Hajaiba. Hajaghushi kitu. Mkaguzi anakuja, anatia sahihi, anaenda zake. Lakini faida ile ilikuwa na mtu aliyeigharamia; ni vile tu jina lake halikuwa kwenye leja.

Ndiyo maana siiamini ile dawa ya haraka: kozi moja ya uendelevu, mwaka wa nne, tena ya hiari. Komredi ataichukua kutafuta alama za rahisi. Wakati huo atakuwa amefanya mazoezi miaka mitatu na viwanda visivyo na majirani.

Kuna watakaosema dunia imeshabadilika, viwango vya IFRS S1 na S2 vilitoka Juni 2023 na ICPAK imetoa ratiba ya Kenya kuvitumia. Ni hatua, sikatai. Ila visome vizuri. Vinaandikwa kwa ajili ya mwekezaji. Mto ukikauka na kiwanda kikakosa maji, hiyo ni habari. Kiwanda kikiuchafua mto, ni habari pale tu kampuni inapoweza kuumia mfukoni. Sheria ya Umoja wa Ulaya inauliza pande zote mbili, nasi wanafunzi wetu wanafaa kujua kwamba swali la pili lipo.

Pingamizi ninaloliheshimu ni hili: tukiandika bei ya damu ya mtoto, si tutakuwa tumempa mwenye kiwanda ruhusa ya kuinunua? Kweli kabisa. Hakuna anayedhani bilioni 1.3 zimenunua afya ya mtoto yeyote. Lakini si kila kitu kwenye hesabu ni bei. Nyuma ya mizania kuna maelezo, kurasa na kurasa za maneno ambazo wengi wetu huziruka. Hapo mtu anaweza kuandika nani anaishi upande unaokoelekea upepo, maji ya kiwanda yanamwagika wapi, na majirani walipimwa lini mara ya mwisho. Mpe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kazi hiyo, pamoja na debiti na krediti zake. Na isiwe ya alama 2 za bure. Ziwe alama za kutosha kumwangusha.