Steringi Hafi: Shujaa, Adui na Daraja la Rusumo

Wapo watu ambao hawajaingia sinema hata mara tano maishani mwao, na bado wanaujua msemo huu: steringi hafi. Neno lenyewe limetoka katika Kiingereza, likapokelewa mitaani, likavishwa sauti ya Kiswahili. Steringi ni yule mtu mkuu wa picha, ambaye watazamaji humwandama tangu taa zizimwapo hadi ziwashwapo. Mwenzake ni adui. Kati ya wawili hao hakuna wa tatu mwenye uzito. Waliobaki wamewekwa pale waokolewe na mmoja au wauawe na mwingine. Msemo hutumiwa kwa mzaha, kwa mfano mtu anaponusurika ajalini. Lakini mizaha ya watu hubeba itikadi zao, na mzaha huu umebeba mbili: kwamba mwema atashinda, na kwamba mwema huyo anajulikana tangu mwanzo. Itikadi ya kwanza ni tumaini, na ni vigumu kumlaumu mtu kwa kutumaini. Ya pili ndiyo inayostahili kuulizwa maswali.

Walioieneza kwa bidii kubwa ni watengenezaji wa picha za mfululizo. Huko Marekani, mwaka 1914, Pearl White alijipatia sifa katika The Perils of Pauline, hadithi iliyokatwa vipande na kuoneshwa kimoja baada ya kingine. Mwaka 1936 ikatoka Flash Gordon, yenye sehemu 13, Buster Crabbe akiwa shujaa. Kila sehemu ilichukua kiasi cha dakika 20, na ufundi wake ulikuwa mmoja: mwishoni shujaa aachwe katika hali isiyo na wokovu. Gari linaporomoka gengeni, maji yanajaa chumbani, moto umefika miguuni. Mtazamaji aende nyumbani na moyo wake mkononi, arudi wiki ijayo na hela yake. Wiki ijayo huonekana kwamba shujaa aliruka kabla gari halijaanguka. Biashara hiyo ilidumu hadi mwaka 1956, ilipotoka picha ya mwisho ya aina hiyo kutoka katika studio kubwa za Marekani, televisheni ikiwa imekwisha kuchukua mahali pake. India nayo ilikuwa na mashujaa wake. Mwaka 1935 kampuni ya Wadia ilitoa Hunterwali, ambamo mwanamke mwenye kiboko na barakoa, aliyejulikana kwa jina la Nadia, aliwatandika wadhalimu.

Pwani yetu haikuwa mbali na mambo hayo. Unguja ilikuwa na jumba la Royal tangu mwaka 1921, na Majestic iliyofunguliwa mwaka 1955, na picha za Marekani na za Kihindi zilishindania macho ya watu wale wale. Majumba yalipopoteza watazamaji, vikaja vibanda vya video, pwani na bara, ambamo mfasiri huwasemea wahusika wote kwa Kiswahili. Picha ikianza, jambo la kwanza analowajulisha wateja wake ni nani steringi na nani adui. Hafanyi hivyo kwa uvivu. Anajua kwamba mtu aliyelipa kiingilio hataki kusumbuka. Anataka aoneshwe mapema wa kumpenda na wa kumchukia, kisha astarehe.

Starehe hiyo si ya kudharauliwa. Mtu aliyeshinda kutwa akidhulumiwa kazini, au akisukumwa huku na huku katika ofisi za watu, ana haki ya kuona dhuluma ikilipwa walau kwa saa mbili. Mtoto anayemshangilia shujaa anajifunza kwamba haifai kukaa kimya mnyonge anapoonewa. Hayo ni mafunzo mema, na kuna wakubwa wengi waliopita vyuoni bila kuyapata.

Tatizo liko katika namna adui anavyotambulishwa. Katika Flash Gordon adui mkuu ni Ming, mtawala katili wa sayari ya mbali. Aliyemwigiza, Charles Middleton, alikuwa Mmarekani mweupe aliyerembwa afanane na Mchina wa kufikirika. Mtazamaji hakuhitaji kusubiri matendo yake. Uso ulikwisha kumhukumu. Na katika picha za msituni za zama hizo Mwafrika alikuwa mchukuzi wa mizigo au mtu mwenye mkuki nyuma ya kichaka. Mtoto wa Kiafrika aliyekaa kwenye viti vya mbele akimshangilia Tarzan alikuwa akishangilia kushindwa kwa watu wenye sura ya babu yake, wala hakulitambua hilo, kwa kuwa hadithi ilikwisha kumpangia mahali pa kuweka moyo wake.

Washairi wa pwani walikuwa na hadithi ya namna nyingine kabla ya sinema kuzaliwa. Fumo Liyongo ni shujaa kuliko mashujaa wote wa upwa huu: mwenye nguvu, mlenga shabaha, mshairi aliyetoroka gerezani kwa hila na ngoma. Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliuandika utendi wake mwaka 1913, mwaka mmoja kabla ya Pearl White kuanza kuning'inia kwenye magenge. Na katika utendi huo steringi anakufa. Wala hauawi na jitu lenye uso wa kutisha. Anauawa na mwanawe mwenyewe, aliyerubuniwa kwa ahadi za mtawala wa Pate, na baba alikuwa amemfichulia kwa kinywa chake siri ya mauti yake: sindano ya shaba kitovuni. Msikilizaji hapati faraja ya kumtambua muuaji kwa sura, kwa maana sura ya muuaji ni ya shujaa mwenyewe. Wahenga walikwisha kuonya: kikulacho ki nguoni mwako.

Basi kuna mafunzo mawili, la sinema na la utendi, nayo hayapatani. Moja linasema uovu una uso wake na utaujua ukiuona. Lingine linasema uovu hukaa sebuleni na kukuita baba. Mtu aliyeketi barazani anaweza kuyaacha yote mawili yabishane bila hasara. Lakini kuna mahali katika Tanzania, mbali na bahari, ambapo ubishi huo uliacha kuwa wa hadithi.

Mahali hapo ni Rusumo, wilayani Ngara, mkoani Kagera. Mto Kagera, ukiisha kuungana na Ruvubu, huporomoka hapo kati ya magenge, na juu ya maporomoko limejengwa daraja: upande huu Tanzania, upande wa pili Rwanda. Hapo ndipo, Mei 1894, Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alipovuka kuingia Rwanda. Alisafiri kutoka mashariki hadi magharibi ya Afrika na kukiandikia kitabu kisafari hicho, na wasomaji wa Ulaya wakampokea kama steringi kamili. Mwaka 1901 aliletwa kuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905 ni chini ya utawala wake vijiji na mashamba ya kusini yalipochomwa moto, na njaa ikamaliza waliosazwa na risasi. Meli iliyopewa jina lake bado inajulikana katika Ziwa Tanganyika kwa jina la Liemba, na kisa chake kiliisaidia hadithi iliyozaa picha ya The African Queen ya mwaka 1951. Huyo alikuwa steringi katika kitabu chake na adui mbele ya Wangoni na Wamatumbi. Mtu ni yule yule. Aliyebadilika ni msimulizi.

Miaka mia moja baadaye, karibu kutimia, daraja lile lilivukwa kwa upande wa pili. Mauaji ya kimbari ya Rwanda yalianza Aprili 1994. Kabla ya mapanga, simulizi lilikuwa limefanya kazi yake. Redio RTLM, iliyoanza kutangaza mwaka 1993, iliwarudia wasikilizaji siku baada ya siku, kama mfululizo usio na kikomo, kwamba Watutsi ni adui, na ikawaita mende. Jirani aliyeazimana na jirani yake chumvi na jembe akavishwa uso wa Ming. Ni kosa kusema sinema ndiyo iliyoua. Walioua ni watu, kwa kupanga. Lakini kanuni iliyotumiwa ni ile ile: msikilizaji apewe adui aliye tayari, aliyekwisha kuhukumiwa kwa kuzaliwa kwake, asisumbuke kupima matendo.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa kiasi cha saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Chini yao mto ulikuwa ukishusha maiti kuelekea ziwa Viktoria. Waliovuka walikuwa na magodoro, mbuzi, sufuria, na watoto mgongoni. Wengi walikuwa Wahutu waliokimbia majeshi ya RPF yaliyokuwa yakisonga mbele. Kwa siku chache Benaco, palipokuwa pori na mashamba, pakawa mji wa wakimbizi uliozidi miji mingi ya Tanzania kwa idadi ya watu.

Sasa na aulizwe mtazamaji aliyezoea vibanda vya video: steringi ni nani hapo, na adui ni nani? Mama mwenye mtoto mwenye homa alikuwa kwenye foleni moja ya maji na mtu aliyetoka kuua. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa meya wa Rusumo upande wa Rwanda, alikuwa miongoni mwa waliokimbilia Tanzania. Mahakama ya Kimataifa ya Arusha ilimtia hatiani mwaka 2004 kwa mauaji ya kimbari, yakiwamo yale ya kanisani Nyarubuye, na mwaka 2006 rufani ikampa kifungo cha maisha. Lakini hukumu hiyo ilikuja miaka kumi baadaye, baada ya mashahidi kusikilizwa. Mwaka 1994, penye foleni ya maji, alikuwa na uso kama wa watu wengine.

Mwanakijiji wa Ngara alikuwa na njia mbili zilizo rahisi. Angeweza kusema wote hawa ni wauaji, akafunga mlango. Au angeweza kusema wote hawa ni wanyonge, asiulize lolote. Kila moja ni njia ya sinema, kwa kuwa kila moja huwapa watu robo milioni uso mmoja. Na kila moja ingekuwa dhuluma: ya kwanza kwa yule mama, ya pili kwa waliolala Nyarubuye.

Kuna watakaosema kwamba uji uliogawiwa Benaco ulinenepesha wauaji. Hoja hiyo ina uzito. Viongozi wale wale waliosimamia mauaji walishika orodha za ugawaji wa chakula kambini, na tawi la Ufaransa la shirika la Médecins Sans Frontières liliondoka mwishoni mwa mwaka 1994 kwa kukataa kuendelea katika hali hiyo. Mashirika mengine yalibaki, yakisema mtoto hawezi kunyimwa dawa kwa sababu ya kosa la kiongozi wake. Waliondoka kwa sababu ya haki, walibaki kwa sababu ya haki. Picha ya mfululizo isingejua la kufanya na watu hao, maana haina nafasi ya wema wawili wasiokubaliana.

Wala wenyeji hawakubaki mashujaa wasio na doa. Misitu iliisha kwa kuni, mazao yaliibwa mashambani, na subira nayo ikapungua. Machi 1995 Tanzania ilifunga mpaka wake. Desemba 1996 serikali iliwataka wakimbizi wa Rwanda warudi kwao kabla ya mwaka kwisha, na watu wakavushwa tena daraja lile lile, wengine kwa hiari, wengine kwa kusukumwa na askari. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hunena Waswahili. Methali haisemi afanyweje mgeni wa mwaka wa tatu asiye na pa kulima.

Linalobaki baada ya hayo ni wajibu wa aina mbili, nao haufai kuchanganywa. Maji hutolewa kwa mwenye kiu kabla hajulikani. Hukumu hutolewa kwa mwenye kosa baada ya kujulikana, kwa jina lake na kwa tendo lake, si kwa uso wala kwa kabila. Anayetanguliza hukumu mahali pa maji anakuwa kama redio ile. Anayeweka maji mahali pa hukumu anawasaliti wafu. Kuushika kila wajibu kwa wakati wake ni kazi ya kuchosha, isiyo na steringi, na hakuna atakayeilipia kiingilio kuitazama.

Walikuwapo walioifanya. Maiti zilizopita Rusumo zilifuata mto hadi ziwani, zikatupwa na mawimbi kwenye ufuko wa Uganda. Katika utendi, Liyongo alipokufa alibaki amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, na watu wa mji wakakosa maji kwa kuwa waliogopa kumkaribia. Wavuvi na wanavijiji wa Kasensero, Lambu na Ggolo waliyakaribia maji yao. Walizitoa maiti hizo, zaidi ya 10,000, wakazizika. Hawakujua majina ya waliowazika, wala hawakuwa na njia ya kujua nani kati yao alikuwa mwema na nani mbaya maishani mwake. Walichimba makaburi, na leo makaburi yapo.