Wajibu wa mtoaji huishia wapi?

Tetemeko la Septemba 10, 2016 lilipobomoa nyumba Bukoba, Watanzania walichanga. Baadaye mwezi huohuo, maofisa wa serikali walifutwa kazi wakituhumiwa kufungua akaunti nyingine yenye jina sawa na ile ya michango ya maafa.

Je, nia njema ya mtoaji inatosha?

Maandiko yanadai zaidi. Qurani (2:267) inakataza kutoa kibovu ambacho mtoaji mwenyewe asingekipokea. Katika Biblia, Mtume Paulo naye, akikusanya mchango wa maskini wa Yerusalemu, alimtuma mwenzake Tito pamoja na ndugu walioaminiwa na makanisa, asije akalaumiwa kuhusu fedha hizo.

Basi anayedai risiti hajapungukiwa imani. Wala anayesubiri kuitwa kabla ya kwenda kujitolea kwenye maafa hajakosa huruma: akienda kiholela, naye atahitaji maji, chakula na malazi vya wahanga.