Pasipoti Iliyoinyima Hispania Kombe la Dunia

Machi 2022, mjini Madrid, Hispania iliifunga Ureno 49-28 na kufuzu Kombe la Dunia la Raga la 2023. Mara ya mwisho walikuwa wamecheza fainali hizo mwaka 1999, kwa hiyo furaha yao ilikuwa kubwa. Kabla Aprili haijaisha, nafasi ile ilikuwa imeshapotea. Ilibainika kuwa mchezaji mmoja mzaliwa wa Afrika Kusini alipangwa kabla ya kutimiza miezi 36 mfululizo ya ukaazi, kama kanuni ya wakati huo ilivyotaka. Nakala ya pasipoti iliyotumika kumthibitisha ilikuwa imechezewa. Shirikisho la raga duniani, World Rugby, liliikata Hispania pointi 10, rufaa ikatupwa, na Romania ikaenda kwenye fainali za Ufaransa badala yao.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba walikuwa wameshaonywa. Mwaka 2018 Hispania hiyohiyo ilikatwa pointi 40 kwa kuwachezesha wachezaji waliokwisha kufungamana na Ufaransa kupitia timu yake ya vijana. Romania na Ubelgiji nazo ziliadhibiwa. Romania ilimpanga mtu aliyewahi kuichezea Tonga raga ya wachezaji saba. Kwa hiyo Urusi ikapata tiketi ya Kombe la Dunia la 2019. Baada ya pigo kama lile, kila kiongozi alipaswa kudai pasipoti yenyewe, aketi na mchezaji na kupitia mihuri ya safari mmoja baada ya mwingine. Kijana aliyeiacha familia yake ng'ambo lazima atasafiri kwenda kuiona, na kila safari inagusa hesabu ya ukaazi. Dalili ilikuwa wazi, lakini nakala ikaaminiwa.

Najua kishawishi kinatoka wapi. Mataifa yanayochipukia yamebanwa kweli. Mwaka huohuo wa 2022 Georgia iliifunga Italia, kisha ikaifunga Wales 13-12 kulekule Cardiff, na bado mashindano ya Six Nations, ambamo Italia na Wales hucheza, hayana njia ya kupanda daraja. Kati ya timu 20 za Kombe la 2023, 12 zilifuzu kwa matokeo ya Kombe la 2019. Dunia nzima iliyobaki iligombania nafasi nane. Kudai haki hapo ni sahihi, na kuongezwa kwa timu hadi 24 mwaka 2027 ni hatua njema. Lakini tutasikilizwaje ikiwa karatasi zetu wenyewe zina walakini?

Nasema zetu kwa sababu Afrika Mashariki pia tuna vijana waliokulia ughaibuni tunaotamani kuwaona katika jezi za nyumbani. Ningekuwa kiongozi wa chama, wiki ya mechi ya kufuzu, huenda nami ningeipokea nakala ile kwa mikono miwili. Ndugu zangu mnaoongoza vilabu na vyama, ombeni hati halisi mapema, kabla kambi haijaanza. Mwenzenu akitilia shaka tarehe, msikilizeni, hata kama anachelewesha kikosi.

Adhabu ile ya Hispania ya 2022 iliipandisha Ureno, iliyokuwa imeshatoka, hadi mchujo wa mwisho mjini Dubai Novemba 2022. Kenya ilikuwapo pia, ikapoteza mechi zake zote. Ureno ilifuzu kwa sare ya 16-16 na Marekani, na Oktoba 2023 ikaifunga Fiji 24-23, ushindi wake wa kwanza kabisa katika Kombe la Dunia.