Mtumishi Akidhaniwa Mwizi

Wazee wetu walisema, Kikulacho ki nguoni mwako. Neno hili ni kweli, maana mwizi wa nje huvunja mlango, bali karani mwenye funguo hana haja ya kuvunja kitu. Tena walisema, Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Neno hili la pili twaliogopa, kwa kuwa wengi wakiisha kulitamka hudhani ya kwamba kazi ya kuitafuta kweli imekwisha. Basi twauliza: mali ya kampuni ikipungua, na watu wakamdhania mtumishi mmoja, ni wajibu gani ulio juu ya mwenye mali, na juu yetu sisi majirani?

Tuanze na jambo tulilolishuhudia sisi wenyewe upande wa Iramba. Kampuni moja ilinunua alizeti kwa wakulima, ikaiweka ghalani. Ilipopimwa tena baada ya miezi michache, katika kila kilo 100 zilipungua kilo 5 na zaidi. Karani wa ghala alikuwa ameezeka nyumba yake kwa mabati mwaka ule ule. Watu wakayaunganisha mabati na kilo zilizopungua, na hukumu ikawa tayari kabla ya mtu ye yote kufungua daftari. Karani akafukuzwa siku ile ile. Sisi hatukumshtaki, lakini tulinyamaza. Na kanisani watu waliacha kuketi karibu naye. Haukupita muda akahama pamoja na watoto wake.

Mwaka uliofuata alikuwako karani mwingine, na alizeti ikapungua vile vile. Ndipo mtu mmoja alipofanya hesabu ambayo hata mtoto wa shule aiweza. Kilo 100 za alizeti yenye maji sehemu 14 katika 100 zina kilo 86 za kitu kikavu. Ikikauka hata maji yawe sehemu 9 tu katika 100, uzito wote hubaki kilo 94 na nusu. Kilo 5 na nusu zilichukuliwa na jua na upepo wa Singida, wala si na karani.

Je, twasema ya kwamba mtumishi asichunguzwe? Hasha. Wako wasemao ya kuwa Mkristo humwamini mwenziwe, hamdai hesabu. Maneno haya yana sura ya upendo, lakini sivyo. Katika ghala lile limo debe la mjane aliyepalilia shamba peke yake. Tukimhurumia mwizi kwa mali ya mjane, twagawa kisicho chetu. Tena wizi wa kalamu si hadithi. Katika mwaka wa fedha wa 2005/06 Benki Kuu ya Tanzania ililipa shilingi zaidi ya bilioni 133 kwa makampuni 22, kutoka katika akaunti ya madeni ya nje iliyoitwa EPA. Wakaguzi walizichambua hati, na Januari 2008 serikali ikatangaza matokeo. Makampuni 13, yaliyopokea zaidi ya bilioni 90, yalitumia hati za uongo. Makampuni 9, yaliyopokea zaidi ya bilioni 42, hati zao hazikutosha kuonyesha kama yalistahili kulipwa ao hayakustahili. Tazameni jinsi wakaguzi walivyotenga mambo mawili: lililothibitika, na lisilojulikana bado. Uvumi hauwezi kutenga hivyo. Huyavuta yote kwa kamba moja.

Sheria ya nchi yetu nayo yaijua tofauti hiyo. Kanuni za kazi za mwaka 2007 zilimwagiza mwajiri afanye uchunguzi kwanza, aone kama liko neno la kujibiwa. Akimsimamisha mtumishi wakati wa uchunguzi, amlipe mshahara wake wote, kwa sababu bado si mkosaji. Kisha amweleze mashtaka, ampe muda usiopungua saa 48 wa kujitayarisha, na amruhusu kuja na mwenzake wa kumsaidia. Mtu atasema, Hayo ni ya kumlinda mwizi. Sisi twajibu: mwizi akisikilizwa, hati zitamshinda, bali asiye na hatia asiposikilizwa, hana kitu cho chote cha kumwokoa.

Maandiko nayo yatufundisha. Wakati wa mfalme Yoasi fedha za nyumba ya Bwana zilihesabiwa na watu wawili pamoja, mwandishi na kuhani mkuu. Mtume Paulo alipochukua sadaka ya maskini alikwenda na wenzake, ili asiwepo wa kumlaumu. Je, Paulo alitukanwa kwa kuwa na mashahidi? La, alilindwa. Basi mtumishi akiombwa daftari asiseme, Hamniamini? Na mwenye mali asingoje mpaka achukiwe na mtu ndipo aombe hesabu. Na aiombe kwa wote, kwa ndugu yake kama kwa mgeni.

Hili ndilo tulilojifunza: uchunguzi wa haki ni deni kwa asiye na hatia kabla ya kuwa adhabu kwa mkosaji. Mtu asiyechunguzwa huweza kuachiliwa, lakini hasafishwi. Dhana hukaa naye mpaka kaburini. Sisi tulimwandikia yule karani barua ya kumwomba radhi. Lakini barua ilimfikia yeye peke yake, na uvumi ulikuwa umefika katika kila nyumba. Kwa hiyo, ndugu wasomaji, siku mtakaposikia tena ya kwamba fulani ameiba, ulizeni kwanza: Nani amepima? Nani amesoma daftari? Na yeye mwenyewe amesema nini?