Ni- Uliyoificha

Mjukuu wangu, kazi yako nimeisoma yote, toka alasiri hadi taa ya nje ikaanza kuvuta wadudu. Macho yangu si yale tena, kwa hivyo nivumilie nikisema polepole.

Umeandika kuwa "miche ya mlilana ilihesabiwa" katika viwanja vinne vya mita 10 kwa 10 pale Gazi. Ilihesabiwa na nani? Siku hiyo ulirudi hapa Msambweni na tope hadi magotini, ukanihadithia mwenyewe: viwanja vitatu ulihesabu wewe, cha nne, maji yalikuwa yameanza kujaa, ukamwachia mdogo wako ahesabu peke yake huku wewe ukikunja kamba. Hayo hayamo kwenye karatasi. Umeyafunika kwa ile -w- ya kutendwa. Na palipokubana umemleta "mtafiti": mtafiti alifika, mtafiti alibaini.

Najua hofu hiyo ya kujitaja ilikotoka. Sisi watu wa pwani tumelelewa kuona "mimi, mimi" ni majivuno. Na sisi walimu tuliwakataza bila kuwapa sababu, jambo linaloniuma hadi leo. Tuliyafuata ya Kiingereza, ambako "mimi" ni neno linalosimama peke yake, tena kwa herufi kubwa. Kiswahili sivyo. Ukisema "nilihesabu", ile ni- imejibanza kwenye kitenzi, haimpigii mtu kelele. Neno la kusisitiza ni "mimi", na hilo waweza kuliacha.

Wala usidhani elimu huikataa nafsi ya kwanza. Chuoni ulisomeshwa hadithi ya nia, ya kwanza katika Sahihi ya Bukhari. Kabla ya kuyafikia maneno ya Mtume (s.a.w.) unapita kwa wapokezi mmoja mmoja: ametuhadithia fulani, nimemsikia fulani. Alqama anasema alimsikia Umar juu ya mimbari. Umar anasema alimsikia Mtume. Wanavyuoni wakampima kila mpokezi, ukweli wake na hifadhi yake. Wangempima vipi kama kila mmoja angesema tu "ilisikika"? Hata Watson na Crick, walipoeleza umbo la DNA katika jarida la Nature mwaka 1953, sentensi yao ya kwanza ilianza na "sisi".

Sikuambii ujaze "nahisi" na "naona" kila aya, la. Unapoeleza kuwa mlilana huota upande wa bahari, ukafunikwa na maji zaidi kuliko mikandaa iliyo nyuma, mwache mlilana aonekane yeye. Ni- iweke pale ulipochagua, ulipohesabu, ulipokosea. Na msimamizi wako akishikilia "mtafiti", mtii, lakini taja mtafiti huyo ni nani na nani alimsaidia.

Bamvua ijayo maji yatakupwa sana. Nenda Gazi na kamba yako, kihesabu upya kile kiwanja cha nne, kisha niletee nisome tena.