Je, Moshi Unalipiwa kwa Feza?

Tufikiri pamoja juu ya sheria moja ya mji wa London, kwani ndani yake mna swali linalotuhusu sisi sote: je, mtu akilipa feza, amepata ruhusa ya kuwadhuru wengine?

Sheria yenyewe ni hii. Tangu tarehe 8 Aprili 2019, mwenye motokari ya moshi mbaya akiiendesha katikati ya mji ule hutozwa paundi 12 na nusu kwa siku. Tangu tarehe 29 Agosti 2023 sheria hiyo imeenea mitaa yote ya London. Motokari zenye moshi mdogo hazitozwi.

Sababu ipo. Mwaka 2013 mtoto wa miaka 9, mgonjwa wa pumu, alikufa mjini humo; nyumba yao ilikuwa karibu na barabara kubwa. Mwaka 2020 mchunguzi wa vifo wa serikali alitangaza kwamba hewa chafu ilichangia kifo chake. Mtoto haendeshi motokari, lakini moshi wake anauvuta.

Wengine hunung'unika: «Sheria hii inamwonea maskini.» Neno lao si bure. Tajiri hununua motokari mpya, ama hulipa bila kusikia uchungu. Lakini fundi mwenye kigari kikuukuu cha kubebea vyombo vyake, akilipa, anapunguza chakula cha watoto wake. Hata hivyo, je, si maskini mara nyingi anayekaa kando ya barabara kubwa? Basi kumhurumia si kuuacha moshi; ni kumsaidia auache. London ilijaribu: iliwapa watu hadi paundi 2,000 ili motokari kuukuu ivunjwe. Tena feza ya ushuru huo sharti itumike kwa mambo ya usafiri. Msaada kama huo ni haki ya maskini, wala si zawadi.

Na tajiri je? Akilipa, amemaliza deni lake kwa serikali. Kwa jirani yake bado. Feza haiingii kifuani mwa mtoto kukisafisha. Ushuru ni fimbo ya kumgeuza mtu njia, si cheti cha kudhuru. Utakuwa umetimiza kazi yake siku ile utakapokosa mtu wa kutozwa.

Tuongeze neno la kwetu. Mwaka 2020 Umoja wa Mataifa ulionyesha kwamba motokari nyingi zilizotumika Ulaya huuzwa Afrika, na nyingi zao zina moshi mbaya. Anayeuza mbali kitu kinachokatazwa kwake hajaondoa ubaya, ameuhamisha tu. Na sisi tunaonunua, kabla ya kuuliza bei, tuulize pia nani atauvuta moshi huo. Kifua cha mtoto wa Lubumbashi ni sawasawa na kifua cha mtoto wa London.