Bao la Aliyeshindwa

Hukumu ya matokeo ndiyo hukumu nyepesi kuliko zote. Haidai ushahidi mwingi, haimchoshi hakimu, wala haihitaji ujuzi wa kazi inayohukumiwa. Aliyeshinda husemwa amefanya vema, aliyeshindwa husemwa amefanya vibaya, na shauri limekwisha. Lakini wepesi wa hukumu si dalili ya haki yake. Swali linalostahili kuulizwa ni hili: tendo jema likitendwa na mtu ambaye mwisho wake alishindwa, je, wema wa tendo lile hufa pamoja na ushindi uliokosekana, au husalia?

Mpira wa miguu hulionyesha swali hili waziwazi, kwa maana mchezo huo una hesabu isiyobishaniwa. Na katika mpira hakuna anayehukumiwa kwa hesabu kama mshambuliaji. Mlinzi aweza kusifiwa kwa utulivu, na kiungo kwa maarifa. Mshambuliaji huulizwa amefunga mangapi.

Mbwana Samatta alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1992. Alichezea African Lyon, kisha Simba, na mwaka 2011 akaenda Lubumbashi kuichezea TP Mazembe. Mwaka 2015 timu hiyo ilitwaa Ligi ya Mabingwa wa Afrika kwa kuishinda USM Alger ya Algeria, naye alifunga katika michezo yote miwili ya fainali. Mwanzoni mwa mwaka 2016 alitawazwa kuwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza barani humu. Mwaka huo huo akahamia Genk ya Ubelgiji, na mwaka 2019 akawa bingwa wa nchi ile. Januari 2020 alijiunga na Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza.

Hayo ni matukufu, na hakuna anayeyakana. Walakini mabao yake matatu yaliyokumbukwa mno na watu wa nyumbani yana jambo moja la ajabu. Tarehe 5 Novemba 2019 alifunga katika uwanja wa Anfield dhidi ya Liverpool. Tarehe 1 Februari 2020 aliifungia Aston Villa dhidi ya Bournemouth. Tarehe 1 Machi 2020 alifunga Wembley, katika fainali ya Kombe la Ligi, dhidi ya Manchester City. Mabao yote matatu yalifungwa kwa kichwa. Na katika michezo yote mitatu timu yake ilifungwa mawili kwa moja.

Mwenye kushika hukumu ya matokeo atasema mabao hayo ni bure. Atatoa hoja yenye nguvu, na si haki kuidharau. Kila chombo, atasema, hupimwa kwa kusudi lake. Jembe lisilolima si jembe, hata mpini wake ukinakshiwa. Kusudi la bao ni ushindi. Bao lisiloleta ushindi ni pambo. Tena ataongeza kwamba kumsifu aliyeshindwa ni kuwazoeza watu kushindwa. Taifa la Tanzania, atakumbusha, lilikaa miaka 39 bila kushiriki Kombe la Mataifa ya Afrika, tangu 1980 hata 2019. Na huenda faraja nyingi mno zilichangia kukirefusha kipindi hicho.

Hoja hii ina kweli nusu. Ni kweli kwamba mchezo una kusudi moja. Lakini kusudi la mchezo si lazima liwe ndilo wajibu wote wa mchezaji mmoja. Ushindi ni kazi ya watu kumi na mmoja, ya wapinzani wao, ya mwamuzi, ya hali ya uwanja na ya bahati. Katika hayo yote mtu mmoja anamiliki sehemu ndogo tu: mazoezi yake, macho yake, ujasiri wake wa kuinamisha kichwa palipo na miguu ya wengine. Kumdai mtu alichokuwa nacho mkononi ni haki. Kumdai ambacho hakikupata kuwa mkononi mwake ni dhuluma, hata kama dhuluma hiyo imeandikwa kwa tarakimu.

Shauri hili lina ushahidi wake kusini mwa Tanzania. Mji wa Ruangwa, katika mkoa wa Lindi, una timu iitwayo Namungo, ambayo uwanja wake umepewa jina la Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wa Ruangwa na Waziri Mkuu. Timu hiyo ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019, na katika msimu wake wa kwanza ikashika nafasi ya nne. Tarehe 2 Agosti 2020, mjini Sumbawanga, ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania dhidi ya Simba. Ikafungwa mawili kwa moja. Kwa kuwa Simba ilikuwa pia bingwa wa ligi, nafasi ya kwenda katika Kombe la Shirikisho la Afrika ikaangukia Namungo. Na timu ya mji mdogo wa wakulima ikafika hatua ya makundi mwaka 2021.

Mtu asiharakishe kusema, "Kumbe kushindwa kulilipa!" Hilo lingekuwa kurudi kwa mlango wa nyuma katika hukumu ile ile ya matokeo. Kama Simba isingekuwa bingwa wa ligi, Namungo ingebaki nyumbani, na juhudi ya Sumbawanga isingepungua hata chembe. Tuzo iliyowafikia ilikuwa ya kanuni. Jasho lilikuwa lao kabla ya kanuni kusomwa.

Lakini je, kila kushindwa kuna heshima? La. Na jirani ya Ruangwa, katika nchi ya Nachingwea, umelala mfano mkubwa wa kushindwa kusikostahili pole. Tangu mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kulima karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mashine zililetwa, misitu ikang'olewa, bandari ya Mtwara ikajengwa, reli ikatandikwa hata Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na hasara yake ikahesabiwa kuwa yapata pauni milioni 36. Reli nayo iling'olewa baadaye.

Wakubwa wa mpango ule hawakukosa mali, wala hawakukosa nguvu. Walikosa lile lililokuwa mikononi mwao kabisa, nalo ni kuuliza. Hawakuipima mvua vya kutosha, hawakuujaribu udongo vya kutosha, na wenyeji walioijua ardhi ile kwa jembe la mkono hawakusikilizwa kama wajuzi. Anayeinua kichwa kuufuata mpira na akashindwa si sawa na anayefumba macho na akashindwa. Wote wawili huandikwa katika safu moja ya daftari, lakini hawako katika daraja moja ya utu.

Hapa ndipo hoja ya uvivu inapojibiwa. Kumheshimu aliyeshindwa baada ya kutimiza wajibu hakuzoezi uvivu, kwa sababu heshima hiyo ina sharti gumu kuliko ushindi wenyewe. Mshindi aweza kuponea bahati. Kosa lake husitiriwa na kombe, na hakuna anayelichungua. Aliyeshindwa hana pa kujificha: kila alichofanya huchambuliwa, na akionekana safi baada ya uchambuzi ule, usafi wake umethibitishwa mara mbili. Hukumu ya matokeo ndiyo inayofuga uvivu, maana humfundisha mtu kwamba njia haina hesabu maadamu amefika.

Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Aghalabu methali hii hutolewa kama kitulizo kwa mnyonge. Lakini ina maana ya ndani zaidi: anayeingia mashindanoni huweka sahihi kwamba matokeo si mali yake. Akilikubali hilo, hubaki na mali moja isiyonyang'anywa, nayo ni namna alivyoshindana.

Jambo hili si la viwanjani tu. Mkulima wa Ruangwa au Nachingwea hupalilia mikorosho yake, hupuliza salfa kwa wakati, huokota, huanika, huchambua, kisha hupeleka ghalani. Baada ya hapo bei hutajwa mnadani na wanunuzi ambao hawajakanyaga shamba lake. Mwaka mmoja bei hupanda, mwaka mwingine huanguka. Mwaka inapoanguka, je, yeye ni mkulima mbaya? Mkewe na watoto wake wakimtazama kwa jicho la matokeo, nyumba itakosa amani kwa kosa lisilo lake. Wakimtazama kwa jicho la wajibu, watakula kidogo pamoja, na msimu ujao watarudi shambani bila aibu.

Inasalia neno moja kuhusu wanaotazama. Samatta alicheza michezo 14 ya Ligi Kuu ya Uingereza na kufunga bao moja. Septemba 2020 akaenda Fenerbahçe ya Uturuki. Tarakimu hizo ni za kweli, na daftari halikusema uwongo. Lakini daftari haliwezi kusema krosi ngapi hazikufika, wala mara ngapi alikimbilia nafasi ambayo hakuna aliyeitazama. Kazi ya kuyasema hayo ni ya watu wenye macho. Wakiiacha, wanamwachia daftari kazi ya dhamiri. Na siku yao ya kufungwa mawili kwa moja itakapofika, maana haina budi kufika kwa kila mtu, watakuta hakuna aliyebaki wa kuliona bao lao.